Kanuni Iliyopotea

Sheria ambayo mtu hawezi kuisoma ni mtego. Neno hili ni dhahiri kwa kila mwenye akili, lakini Marekani, dola yenye wanasheria wengi, ililijua kwa fedheha.

Katika nchi ile Bunge hutunga sheria kwa maneno mapana, na idara za serikali hutunga kanuni za kuitimiza: gari liundweje, mafuta yachimbwe kwa kadiri gani. Kanuni hizo zina nguvu ya sheria, na mwenye kuzivunja aweza kutozwa faini au kufungwa.

Mwaka 1933, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, visima vya mashariki ya Texas vilitoa mafuta mengi hata bei ikaanguka. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaweka kanuni ya kuzuia uchimbaji uliopita kiasi. Mwezi wa Septemba kanuni hizo zilirekebishwa, na kwa makosa fungu lenye katazo lenyewe likaachwa nje. Hakuna aliyetambua. Kwa muda wa mwaka mmoja serikali iliendelea kuwaandama watu mahakamani kwa katazo ambalo halikuwapo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, mawakili wa serikali walilazimika kukiri kosa hilo. Ikadhihirika pia kwamba hapakuwa na gazeti rasmi ambamo raia angeweza kuzisoma amri za namna hiyo.

Fedheha ilizaa busara. Mwaka 1935 Bunge liliamuru kanuni zinazowahusu watu wote zichapishwe katika gazeti rasmi, na toleo la kwanza likatoka Machi 1936. Mwaka 1946 sheria nyingine iliagiza kwamba idara ikusudiapo kutunga kanuni, kwa kawaida itangaze kwanza kusudi lake na kuwapa watu nafasi ya kutoa maoni, ndipo iamue.

Lakini mti usiopogolewa hufunga njia. Kanuni zilipozidi kuongezeka, Rais Ronald Reagan aliamuru mwaka 1981 kwamba gharama ya kila kanuni kubwa ilinganishwe na faida yake, na kanuni ipitiwe na ofisi moja iliyo chini ya Rais. Mwaka 1993 Rais Bill Clinton aliendeleza mapitio hayo kwa amri mpya, akizitaka idara zitangaze kila mwaka mpango wa kanuni zinazokusudia kutunga.

Kupunguza nako kwaweza kufanywa vyema au vibaya. Tangu mwaka 1938 baraza moja lilikuwa likiamua njia na nauli za ndege. Bunge lilijadili jambo hilo waziwazi, likalipunguzia baraza mamlaka kwa sheria ya mwaka 1978, na mwanzoni mwa 1985 likavunjwa. Ushindani ulikua na nauli nyingi zikapungua, ijapokuwa miji mingine midogo ilipoteza safari. Lakini mwaka 1981 idara ya uchukuzi ilifuta kanuni ya kutaka magari mapya yawe na mikanda ya kujifunga yenyewe au mifuko ya hewa ya kumkinga msafiri. Mwaka 1983 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliukataa ufutaji huo, kwa kuwa idara haikutoa sababu za kutosha. Kumbe kuondoa kanuni kwahitaji hoja, kama vile kuiweka.

Mwaka 2017 Rais Donald Trump aliagiza kwamba kwa kila kanuni mpya moja, mbili za zamani zitafutwe za kuondolewa. Rais Joe Biden akaitangua amri hiyo mwaka 2021, naye Trump aliporudi madarakani mwaka 2025 akataka kumi kwa moja.

Hesabu hutuambia kanuni ni ngapi. Haituambii ipi ni mzigo bure na ipi yaokoa roho ya mtu barabarani. Hilo hujulikana kwa kusoma, kuuliza na kutoa sababu mbele ya watu. Kanuni ya mafuta ilipotea kwa sababu hakuna aliyeisoma. Vijana wa leo, ambao kesho watatunga kanuni au kutawaliwa nazo, wazisome.