Kilifi: Mbona Keja Huadimika Disemba Ikikaribia

Kama umeitwa Pwani University na hujawahi kukanyaga Kilifi, skia hii kabla hujatumia mtu yeyote dipo. Mji ni mdogo lakini keja zake zinasakwa na watu wa aina tatu. Kuna makomredi. Kuna wasee wa utafiti, maana mradi wa KEMRI na Wellcome Trust uko hapo tangu 1989. Halafu kuna wageni wa raha, na siku hizi hao ndio wanasukuma bei.

2020 mambo yalikuwa tofauti kabisa. Machi 15 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule na vyuo vifungwe, komredi akabeba godoro akarudi ocha. Aprili 8 Kilifi ikafungwa pamoja na Mombasa na Kwale, huingii hutoki, na Kilifi ikabaki hivyo hadi mwanzoni mwa Juni. Mwenye ploti akapoteza mwanafunzi na mgeni kwa mpigo. Nchi nzima, wageni wa kutoka nje walishuka kutoka kama milioni 2 mwaka wa 2019 hadi chini ya 600,000. Kafyu nayo iliondolewa Oktoba 20, 2021.

Sasa wamerudi, na zaidi. 2024 Kenya ilipokea wageni karibu milioni 2.4, na hapo hujahesabu wasee wa Nai wanaoshuka na SGR hadi Miritini kisha wanadandia matatu, kilomita kama 60 kutoka Mombasa.

Piga hesabu kama mwenye nyumba. Tuseme bedsita ni 6,000 kwa mwezi. Akiweka kitanda kizuri, feni na WiFi, aiweke Airbnb kwa 2,000 usiku mmoja, siku tatu tu zimemaliza kodi yako yote. Na mgeni haombi asubiriwe hadi HELB iingie. Kusema ukweli, hata wewe ungefikiria mara mbili.

Presha hupanda zaidi wiki ya mwisho ya Disemba, watu wakimiminika kwa Beneath the Baobabs, ile sherehe ya kuvuka mwaka chini ya mibuyu. Hapo ndipo keateka anaweza kuanza story za "tunapaka rangi, toa vitu kidogo." Usikubali kwa mdomo.

Usidhani sheria itakuokoa kirahisi. Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Niambie utapata wapi bedsita ya bei hiyo, labda ya udongo. Kwa hivyo kinga yako ni karatasi. Iandikwe kama unalipa miezi ya likizo au hulipi, vitu vyako vinabaki wapi, notisi ni ya muda gani, na dipo inarudi lini. Lipa kwa M-Pesa, si keshi, na uweke meseji. Kama hutaki kulipa nyumba tupu, mwambie mapema mwenye nyumba kuwa utaiachilia Disemba, mkubaliane akupunguzie kodi. Wengine huskia.

Kuna mjanja ameshafikiria kukodishia wageni chumba chake akienda likizo. Pole pole hapo. Bila ruhusa ya mwenye nyumba unaweza kurudi Januari ukute kufuli mpya. Na tangu Januari 2024, baada ya mauaji kwenye Airbnb za Nairobi, gava ilikaza: anayekodisha hivyo anafaa kusajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA.

Ukikosa karibu na chuo, angalia Mnarani ng'ambo ya daraja, lakini huko kuna mahoteli pia, kwa hivyo ushindani ni uleule. Na hesabu nauli ya kila siku kabla hujafurahia bei. Hilo daraja ni la 1991, zamani ilikuwa feri, lakini kulivuka kwa mguu saa sita mchana na jua la Pwani si mchezo.