Baraza na Benchi: Kungoja Tabibu Katika Mji wa Unguja

Apitaye njia ya Mizingani, bandari ikiwa upande wake mmoja na Mji Mkongwe upande wa pili, hawezi kulikosa jumba la Tharia Topan. Roshani zake za mbao zilizochongwa kwa ufundi wa Kihindi humsimamisha hata mwenye haraka. Jumba hili limetumika kwa mengi, lakini jina lililolibakia vinywani mwa watu ni la dispensari. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 katika kiti chake, na nia ya Tharia Topan, tajiri mkubwa aliyewahi kuzisimamia forodha za Sultani, ilikuwa kuwajengea maskini mahali pa kutibiwa. Mwenyewe hakuliona limekwisha. Alifariki mwaka 1891, jengo likakamilika mwaka 1894, na ni baada ya kuuzwa mwaka 1900 ndipo daktari alipowekwa chini na wapangaji juu. Kwa maneno mengine, jumba hili lilingoja zaidi ya miaka 12 kabla mgonjwa hajapata kungoja ndani yake.

Nimelianza jambo hili kwa jumba hilo kwa sababu nataka kuzungumzia kungoja kwenyewe, si maradhi wala dawa. Wanahistoria wetu wametuandikia juu ya kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869, na juu ya karantini ya kisiwa cha Changuu, ambako abiria waliotoka safari waliwekwa kwa siku kadhaa hadi ijulikane kama wana maradhi. Zile saa nne au tano za mtu aliyekaa na cheti mkononi hazikuandikiwa hata ukurasa. Nami nashikilia kuwa saa zile zina historia yake, tena zina mwanzo wake na watu waliozipanga.

Zamani hali ilikuwa kinyume cha hivi tunavyoijua. Kwa wenye uwezo, tabibu ndiye aliyekwenda kwa mgonjwa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, ameeleza jinsi aya za Qur'ani zilivyoandikwa kwa zaafarani katika sahani, zikaoshwa na mgonjwa akanyweshwa, jambo ambalo sote tunalijua kwa jina la kombe. Mgonjwa alikuwa kitandani pake, na waliomzunguka walikuwa watu wake. Kungoja kulikuwapo, na pengine kulikuwa kurefu kuliko kwa leo, lakini kulifanyika nyumbani. Mwana Kupona wa Pate alikuwa mgonjwa kwa muda wa mwaka alipomtungia bintiye utendi ule unaokadiriwa kuwa wa mwaka 1858, na utendi wenyewe unatueleza kwamba alimwita mtoto karibu yake, na wino na karatasi. Hakuna aliyemtaja jina kutoka dirishani wala aliyemwambia arudi Jumanne. Sisemi kwamba alipona, hakupona. Nasema tu kwamba muda wa ugonjwa wake ulikuwa mali yake, akautumia alivyotaka, na sisi tukarithi.

Hata aliyemfuata mganga kwake alingoja barazani. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa baraza ni nini, ila nitakumbusha jambo moja. Lile tako la mawe na chokaa lililoambatana na ukuta wa nyumba lilijengwa ili mgeni apate pa kukaa bila ya kuingia ndani kwenye sitara ya wenyewe. Maana yake ni kuwa baraza, tangu asili, ni mahali pa kungojea. Lakini mwenye kulijenga alijua kuwa mtu angojaye lazima apewe kitu: kivuli, kahawa, mtu wa kuzungumza naye, bao. Ndiyo maana mabaraza yetu yamegeuka skuli za siasa na za mashairi, na aliyekuja kungoja dakika kumi huondoka baada ya magharibi.

Benchi la hospitali lilikuja na desturi nyingine. Baada ya Unguja kuwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, kazi ya tiba ilianza kuhama majumbani na kuingia katika majengo ya serikali na ya misheni, kama lile la Mkunazini. Na katika majengo hayo watu hawakukaa pamoja. Jumba la Mambo Msiige, pale Shangani, lilikuwa hospitali ya Wazungu baina ya mwaka 1918 na 1924. Wengine walikuwa na mahali pao, na hata mahali hapo palikuwa na daraja zake. Kwa hiyo swali la nani angoje wapi, na kwa muda gani, lilijibiwa kwa rangi na mfuko kabla ya kujibiwa kwa ugonjwa.

Desturi ya kuwaita wagonjwa wote saa moja haikuzaliwa kwetu. Huko Uingereza kwenyewe, katika hospitali za sadaka ambazo maskini walitibiwa bure, wagonjwa wa nje walikuwa wakiambiwa wafike wote pamoja mlango ufunguliwapo, daktari akija awakute wamejaa. Hoja ilikuwa moja tu: daktari asikae bure hata dakika moja. Saa za maskini zilihesabiwa kuwa hazina thamani, basi zilimwagwa kama maji. Nchi hiyo ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, matibabu yakawa haki ya kila mtu, lakini benchi lilibaki lile lile, na sasa mwenye suti naye alikaa juu yake. Nadhani ndipo wataalamu walipoanza kuliona.

Mwaka 1952 mwanahesabu aitwaye Norman Bailey alichapisha utafiti kuhusu foleni za wagonjwa wa nje. Hakwenda kuwahubiria watu subira. Alichukua karatasi, akahesabu muda ambao daktari humtazama mgonjwa mmoja mmoja, akaonyesha kwamba mlundikano ule haukuwa wa lazima. Waiteni wagonjwa wawili mwanzo wa kazi, alisema, kisha kila mmoja baada ya muda unaolingana na wastani wa kutazamwa mtu mmoja. Yule wa pili wa mwanzo ndiye akiba ya daktari, ili asikose wa kumtazama ikiwa mwingine atachelewa. Kwa mpango huo kungoja kunapungua sana, na daktari hapotezi ila dakika chache. Sharti ni moja, nalo halipendwi: daktari mwenyewe aanze kazi kwa saa aliyoitaja.

Tangu mwaka 1909, mhandisi wa Denmark, A. K. Erlang, alikuwa ameshafungua mlango wa elimu hii alipochunguza simu za mji wa Copenhagen, na mwaka 1961 John Little wa Marekani akatoa uthibitisho wa kanuni ambayo hata mtoto wa skuli anaweza kuitumia. Idadi ya watu waliopo bencini ni sawa na wale wanaofika kwa saa, mara saa ambazo kila mmoja hukaa. Wakifika watu 20 kwa saa, na kila mmoja akakaa saa 3, basi wakati wowote utakaochungulia utakuta watu 60. Wapunguzie muda hadi saa 1, utakuta 20, na wagonjwa waliotibiwa siku hiyo ni wale wale. Tukiona ukumbi umefurika tusiseme upesi kwamba watu ni wengi. Huenda si wengi, wamekalishwa tu.

Turudi kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ilitangaza matibabu bure, na hospitali kubwa ya mjini, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Karimjee Jivanjee, ikapewa jina la V. I. Lenin, leo twaijua kwa jina la mahali ilipo, Mnazi Mmoja. Madaktari wa Kichina walianza kuja katikati ya miaka ya 1960. Mlango ulifunguliwa kwa watu ambao hapo kabla waliuona kwa mbali. Jambo hilo lilikuwa jema, wala sikubali kulisikia likibezwa. Lakini waliokuja kutoka Makunduchi na Nungwi kwa gari la alfajiri waliikuta desturi ile ile ya mlango mmoja na saa moja, madaktari wakiwa wachache. Hapo ndipo watu wetu walipofanya jambo ambalo hakuna aliyewafundisha: waliligeuza benchi likawa baraza.

Nililiona kwa macho yangu kwa shangazi yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa na maradhi ya sukari. Alitoka baada ya sala ya alfajiri, kanga yake ya pili mkononi, chupa ya chai na maandazi kapuni, tasbihi mfukoni. Akifika, kabla ya kukaa aliuliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Akishamjua huyo, na aliyekuja baada yake akishamjua yeye, ilikuwa imeshafungwa foleni ambayo haikuhitaji karatasi. Mtu aliweza kwenda msalani, au kutoka kwa ajili ya sala, akarudi akaikuta nafasi yake imelindwa na watu wasiomjua jina. Mtoto wa mmoja alilelewa na benchi zima. Palikuwa na vitendawili, na palikuwa na bibi mmoja wa Jambiani aliyezijibu salamu kwa mizani, bila ya kufikiri.

Mwaka 1985 mwalimu mmoja wa chuo cha Harvard, David Maister, aliandika makala mashuhuri kuhusu namna mtu auonavyo muda wa kungoja. Muda mtupu huonekana mrefu kuliko muda wenye shughuli. Kungoja kusikojulikana mwisho wake ni kurefu kuliko kunakojulikana, kusikoelezwa sababu ni kurefu kuliko kunakoelezwa, na kusiko na haki ni kurefu kuliko kwenye haki. Na mtu aliye peke yake hungoja zaidi kuliko aliye na wenzake. Nilipoisoma nilicheka, maana shangazi alikuwa ameshayatimiza yote aliyoyaweza mwenyewe: shughuli alikuwa nayo, wenzake alikuwa nao, na haki ya foleni aliilinda kama mboni ya jicho. Yaliyobakia hayakuwa mkononi mwake. Hakuna aliyemwambia daktari atakuja saa ngapi, wala kwa nini hajaja.

Lakini sitaki kulipamba benchi. Mara mbili katika mwaka mmoja alikwenda hospitali moja, ambayo siitaji, akiwa na kidonda kidogo katika kidole cha mguu. Mara ya kwanza aliondoka saa nane bila ya kuitwa, kwa sababu mkono ulianza kumtetemeka na chakula chake kilikuwa kimekwisha. Mara ya pili alirudishwa kwa kuwa daktari alikuwa na dharura. Alisema, "Subira yavuta heri," akaenda zake. Mara ya tatu kidonda hakikuwa tena kidogo, akakatwa vidole viwili.

Tangu hapo nimeona kwamba methali ile imebebeshwa mzigo usiokuwa wake. Waliotuachia subira ndio hao hao waliotuachia nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo. Dominique-Jean Larrey, tabibu wa majeshi ya Napoleon, alijulikana kwa kuwatibu majeruhi kwa kadiri ya ukali wa jeraha, bila ya kujali cheo, na wala si kwa kutangulia kufika. Foleni ya shangazi ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa haki ya waliofika, si ya wanaougua zaidi. Mwenye sukari aliye na kidonda mguuni, mjamzito anayeumwa kichwa na kuona ukungu, mwenye kifua kinachobana, mtoto mchanga aliyekataa ziwa, hawa hawapaswi kuuliza nani wa mwisho. Wanapaswa kwenda kwa muuguzi na kusema, na wakiona aibu aseme jirani yao. Adabu yetu ya pwani hutuziba mdomo pale ambapo mdomo ndio dawa ya kwanza.

Shangazi alijifunza hilo kwa thamani ya vidole viwili. Miaka yake ya mwisho alikwenda na kitabu chake cha kliniki kimefungwa katika mfuko wa nailoni, majina ya dawa yameandikwa na mjukuu katika karatasi, na chakula cha kutosha hadi alasiri. Akifika alimwendea kwanza muuguzi, akamwonyesha mguu, akamwambia, "Mwanangu, mimi ni wa sukari, nitizame nisije nikaanguka hapa." Kisha ndipo alipouliza nani wa mwisho. Siku niliyomsindikiza kwa mara ya mwisho aliitwa saa saba kasorobo, wakati ametega kitendawili na benchi zima limemkabili, hakuna aliyekijua. Alijishika ukuta akasimama, akamnong'oneza jibu yule bibi wa Jambiani, akamwambia asilitoe hadi wampe mji.