Vyakula na vinywaji vya Holi nchini Kenya

Vyakula vya Holi ni vitafunio na vinywaji vya sikukuu ya Wahindu ya majira ya kuchipua, ambayo huangukia Februari au Machi. Miongoni mwa Wagujarati wa Kenya, bisi, tende, dengu za kukaanga na nazi hutolewa kwenye moto wa Holika, unaowashwa usiku wa kuamkia Holi, kisha huliwa. Kaskazini mwa India ni chimbuko la gujiya, aina ya sambusa tamu, na la thandai, kinywaji cha maziwa, lozi, iliki na shamari. Huenda ikadaiwa kwamba desturi hii, inayoendana na mavuno ya India, haina maana katika nyanda za chai kama Sigowet, katika Kaunti ya Kericho, ambako Machi huleta mvua ndefu. Hata hivyo, sadaka hizo ni shukrani, na shukrani haifungwi na msimu wa shamba moja.