Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Watu Wanaozuia Hela Zetu

Leo tuwazungumzie watu ambao wengi wetu tunawalaani bila kuwajua.

Kama una laini ya simu hapa Tanzania, ujumbe huu umewahi kukufikia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hausemi hela ipi wala anayedai ni nani. Miaka miwili iliyopita ulimfikia mama yangu mdogo siku ambayo kweli alikuwa anadaiwa na fundi wa paa. Akatuma shilingi 180,000. Jioni fundi alipopiga kuulizia malipo yake, mama mdogo alikaa chini sakafuni, simu bado iko sikioni.

Miezi michache baadaye akaunti yake ya simu ikafungwa. Ukoo ulikuwa umemteua yeye kupokea michango ya operesheni ya babu. Iliingia michango zaidi ya 30 ndani ya siku mbili, mitambo ikaona huyu mama si wa kawaida. Siku nne hela imekwama! Hospitali haikusubiri mitambo, tukakopa.

Yaani tapeli alipita, mgonjwa akazuiwa. Nikiwa na hasira nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye yuko kitengo cha vihatarishi na uzingatiaji katika kampuni moja ya teknolojia ya fedha. (Siyo kampuni iliyomfungia mama mdogo, naomba ieleweke.) Nilipiga kugomba. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema: "Kaka, kazi yetu ni maswali mawili tu. Hii hela itarudi? Na hii hela imetoka wapi? La kwanza ndiyo vihatarishi, la pili ndiyo uzingatiaji wa sheria. Mengine yote ni makaratasi."

Basi nikaenda kutafuta maswali hayo yalianzia wapi.

Swali la kwanza ni la zamani sana, na kwetu pwani lina hata jina lake: mali kauli. Unapewa bidhaa kwa neno lako, unalipa ukishauza. Zanzibar ya karne ya 19 iliendeshwa hivyo. Tajiri Taria Topan, aliyetoka Kutch huko India akiwa bado kijana mdogo, alikuwa mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa misafara ya bara. Miongoni mwa aliowakopesha ni Hamed bin Muhammed, yule tunayemjua kama Tippu Tip, ambaye aliandika mwenyewe habari za maisha yake kwa Kiswahili. Msafara ukiondoka, mali ingeweza kukaa bara miaka kadhaa kabla pembe hazijarudi pwani. Taria hakuwa na kompyuta wala kitambulisho cha taifa. Alikuwa na daftari, na alimjua mtu: baba yake nani, mke wake anatoka kwa nani, safari iliyopita alirudi na nini. Huko ndiko kupima vihatarishi, tena kwa ustadi mkubwa.

Lakini swali la pili halikuulizwa. Pembe zile zilitokana na bunduki, vijiji vilivyochomwa na watu waliogeuzwa bidhaa. Zilipofika forodhani zilihesabiwa, zikatozwa ushuru, zikawa mali safi kabisa. Leo tungeliita jambo hilo utakatishaji. Wakati ule liliitwa biashara.

Swali la pili lilichelewa mno kuingia kwenye sheria. Marekani ilipitisha mwaka 1970 sheria iliyozitaka benki kutunza kumbukumbu na kuripoti fedha taslimu zinazozidi dola 10,000. Mwaka 1989 mataifa tajiri ya G7 yalikutana Paris yakaunda FATF, chombo cha kupambana na hela chafu, hasa za dawa za kulevya. Mwaka uliofuata kikatoa mapendekezo yake 40. Kwetu, Agosti 1998 mabomu yalilipua balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi kwa siku moja. Agosti 1999, pale Arusha, nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika zikaanzisha kundi lao, ESAAMLG, ambalo ofisi yake iko Dar. Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba dhidi ya ufadhili wa ugaidi. Tanzania ikatunga Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu mwaka 2006.

Hapo ndipo ajira ya rafiki yangu ilipozaliwa. Na hapo ndipo ilipoanza kuumiza.

Novemba 2001, wiki chache baada ya Septemba 11, Marekani ilifunga mtandao wa Al-Barakaat, kampuni ya Wasomali iliyokuwa ikipeleka hela za walio ughaibuni kwa ndugu zao. Somalia haikuwa na benki za kutegemea, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya chakula na ada. Njia ikazibwa kwa siku moja. Ripoti za Tume ya 9/11 zilipotoka mwaka 2004, wachunguzi walikuwa hawajapata ushahidi wa kuunganisha kampuni hiyo na fedha za Al-Qaeda. Ukiniuliza, yule ni mama yangu mdogo, ila amezidishwa mara maelfu.

Sasa njoo Kenya. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya kulipia mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio hawakupungua mia kadhaa, na hawakukaa ndani ya mstari. Badala ya kurejesha mikopo tu, wakaanza kutumiana hela na kuweka akiba safarini. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Utaona mkono wa watu wa vihatarishi tangu mwanzo: muamala mmoja usizidi shilingi 35,000 za Kenya, akaunti isizidi 50,000, kitambulisho kwa wakala. Na jambo kubwa kuliko yote, kila shilingi ya kwenye simu lazima iwe na shilingi halisi imekaa benki, kwenye akaunti ya amana ambayo Safaricom haiwezi kuichezea.

Desemba 2008, watumiaji wakiwa takriban milioni 5 na mabenki yakilalamika, kaimu Waziri wa Fedha John Michuki aliagiza huduma hiyo ikaguliwe. Wengi waliona ni fitina za mabenki, na pengine kulikuwa na chembe ya hilo. Lakini tazama kilichotokea. Wakaguzi walitazama kama zile shilingi zipo, na Januari 2009 serikali ikatangaza kwamba huduma ni salama. M-Pesa ikatoka pale na nguvu zaidi.

Linganisha na Ujerumani. Wirecard ilikuwa fahari ya teknolojia ya fedha Ulaya, na Septemba 2018 iliingia kwenye orodha ya makampuni 30 makubwa ya soko la hisa la Frankfurt. Mwaka huohuo, ofisi ya Singapore, mwanasheria wa kampuni Pav Gill alipokea malalamiko ya ndani kuhusu mahesabu ya kupikwa, akayafuatilia, na mwisho akasukumwa nje. Nyaraka zikafika Financial Times. Mamlaka ya fedha ya Ujerumani ilifanya nini? Mwaka 2019 ikapeleka mashtaka dhidi ya waandishi! Juni 2020 kampuni ikakiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa kwenye benki za Ufilipino huenda hazikuwahi kuwepo. Siku chache baadaye ikaomba kufilisika.

Swali ni lilelile: hela ipo au haipo? Nairobi waliuliza wakaenda kutazama. Munich walimfukuza aliyeuliza. Sisi waandishi tunapenda kusema haya mambo yanatoka Ulaya kuja kwetu. Safari hii hapana.

Si kwamba tuko salama. Oktoba 2022 FATF iliiweka Tanzania kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu, na tulitoka Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa humo, kila benki ya nje inauliza maswali zaidi, na maswali hayo yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mama mwenye michango ya operesheni.

Nilirudi kwa rafiki yangu na historia yangu yote hii. Nikamwambia maswali yenu yalipaswa kuwa matatu. La tatu: tukikosea, nani anaumia, na atampigia nani? Safari hii hakucheka. Akasema zamu yake ikiisha usiku huwa anaacha akaunti kadhaa zimefungwa, na haonyeshwi sura za wenyewe. "Naona namba tu, kaka. Tapeli na mama yako mdogo kwenye kioo changu wanafanana."

Nadhani hilo ndilo Taria Topan alikuwa nalo na sisi tumelipoteza: kumjua mtu. Na sisi tunalo ambalo yeye hakujali kuwa nalo: kuuliza hela imetoka wapi. Kazi ya watu hawa ni kushika yote mawili kwa pamoja, na bado hawajaiweza.

Mama mdogo yeye hakusubiri. Alinunua daftari la shilingi 1,000, na sasa ukoo ukichangishana anaandika jina, namba, tarehe na kiasi, mstari kwa mstari. Nilipomtania kwamba amekuwa mhasibu uzeeni, alinitazama tu. "Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema. "Wakinifungia tena, nitakwenda nalo ofisini kwao nikae hapohapo."

Nawasilisha. Wewe ukifungiwa leo, unaweza kueleza kila shilingi iliyopo imetoka kwa nani?