Daftari la Karatasi za Choo

Ingia duka la vitabu mjini mwezi wa Januari. Madaftari ya mipango yamepangwa pale mbele: jalada gumu, utepe wa kushika ukurasa, nafasi ya malengo ya mwaka, hata kisanduku cha kujaza leo unajisikiaje. Tunanunua, tunajaza kurasa tatu, halafu Februari inatukuta tumeshasahau. Kisha tunajilaumu ati hatuna nidhamu.

Hebu tuwatazame wenzetu waliotutangulia, ambao daftari lenyewe hawakuwa nalo.

Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa Mombasa wa miaka 22 alipokamatwa mwishoni mwa 1968. Kosa lake lilikuwa waraka, *Kenya: Twendapi?*, uliohoji serikali ya Jomo Kenyatta ilikokuwa ikiipeleka nchi. Alifungwa miaka mitatu, muda mrefu akiwa peke yake selini. Karatasi ya kuandikia hakupewa. Akatumia ya choo.

Na alichoandika kilikuwa ushairi wenye vina na mizani, ufundi aliokulia ndani yake. Kakaye, Ahmad Nassir, naye alikuwa malenga. Fikiria kazi hiyo: kuhesabu silabi, kutafuta kina, kufuta, kuanza upya. Mtu aliyefungiwa peke yake na mawazo yake anapata kitu cha kuyashika. Mashairi yale yalichapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata diwani ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, Kenyatta yuleyule.

Mwisho wa 1977 ikawa zamu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, baada ya tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda* kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Alizuiliwa Kamiti bila kufunguliwa mashtaka yoyote. Huko akaandika riwaya yake ya kwanza ya Kigĩkũyũ, *Caitaani Mũtharabainĩ*, naye pia kwenye karatasi za choo. Zilikuwa ngumu, za kukwaruza. Mwili uliteseka, lakini kalamu ilizipenda. Askari jela walipopekua seli wakamnyang'anya mswada, baadaye akarudishiwa. Alitoka Desemba 1978, na kitabu kikatoka 1980.

Kabla yao wote kulikuwa na Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji, aliyekamatwa Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa. Katika kambi za wafungwa, Manda huko Lamu ikiwemo, aliweka shajara. Ilichapishwa 1983, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa vitabu viwili vilivyogawana Tuzo ya Noma.

Sasa, gereza ni mahali palipopangwa kuliko daftari lolote. Saa ya kuamka imepangwa, ya kula, ya kufungiwa. Mfungwa hahitaji kukumbushwa ratiba. Ratiba ndiyo adhabu yenyewe. Kwa hivyo kila mstari alioandika ulikuwa dakika aliyoichukua kutoka kwa serikali na kuifanya yake.

Sisi tunafanya kinyume. Tunafungua daftari ili tuibanie siku kazi zaidi: mkutano saa mbili, mazoezi saa kumi na mbili, malipo ya nyumba tarehe tano. Tukishindwa kuyatimiza yote, kurasa zinageuka kuwa karani anayetudai. Si ajabu tunalikimbia.

Kuandika hakukuwafungulia mlango wa seli, na leo hakutalipa kodi yako. Ukilemewa, tafuta pia mtu wa kuongea naye. Lakini waandishi hawa watatu walitoka na kitu ambacho hakuna aliyewaagiza. Huhitaji jalada la ngozi kwa hilo. Nyuma ya risiti ya supamaketi panatosha. Leo usiku, kabla hujapanga ya kesho, andika mstari mmoja ambao bosi hakuuomba na ambao hutaupiga picha kuuweka mtandaoni. Uweke tarehe, halafu ulale.