Deni la Zubeir bin Awwam: Funzo kwa Warithi

Matanga yanapokwisha, mara nyingi huletewa swali hili: marehemu ameacha nyumba na shamba, warithi wanataka kugawana, kisha anatokea mtu na madai yake. Wafanye nini? Jawabu tunalipata katika kisa alichokipokea Imam Bukhari katika Sahihi yake.

Zubeir bin Awwam (r.a.) aliuawa mwaka 36 Hijria (656 Miladia), katika tukio la vita vya Ngamia. Siku hiyo alimwita mwanawe Abdalla, akamwambia kwamba lililomshughulisha zaidi ni deni lake, akamuusia auze mali alilipe. Deni hilo halikutokana na israfu. Watu walimletea mali zao awawekee amana, naye akakataa ila ziwe mkopo, kwa kuchelea zisipotee. Tofauti yake yajulikana katika fiqhi: amana ikipotea bila ya uzembe, aliyewekewa halipi, mkopo hulipwa kwa hali yoyote.

Abdalla alihesabu akakuta deni la 2,200,000. Fedha taslimu hapakuwa. Palikuwa na ardhi, mojawapo Al-Ghaba, na nyumba 11 Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Hakim bin Hizam alipomuuliza, Abdalla alificha kwanza akataja 100,000. Hakim akaona hata hizo mali yao haizitoshi. Ndipo akamfunulia deni lote, na Hakim akamwambia wakishindwa wamtake msaada. Basi aibu ya deni ilikuwapo hata kwa watu wale, lakini mlango wa msaada ulifunguka deni lilipotajwa.

Al-Ghaba, iliyonunuliwa kwa 170,000, ilithaminiwa 1,600,000. Abdalla bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, alijitolea kusamehe. Mtoto wa Zubeir hakukubali, akamkatia sehemu ya ardhi. Deni lilipokwisha, warithi wakataka fungu lao. Akawazuia miaka minne, kila msimu wa Hija akitangaza: mwenye kumdai Zubeir na aje. Kisha akatoa thuluthi ya wasia, akagawa. Kila mmoja katika wake wanne akapata 1,200,000.

Ndugu Waislamu, Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, zimeweka mirathi baada ya wasia na deni. Sisi hutangaza mara moja makaburini, kisha tukaona tumemaliza. Hatusemi kila familia ingoje miaka minne. Hiyo ilikuwa hadhari ya Abdalla kwa deni kubwa la mtu aliyejulikana miji mingi. Lakini madai yaandikwe, mashahidi wasikilizwe, na mali isiguswe kabla. Wakihitilafiana, wamwendee mwanachuoni awasuluhishe. Wasiposikizana, wamwendee kadhi. Nchini Kenya, kwa mfano, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimempa kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu waliokubali mahakama yake.

Na aliye hai mwenye deni, asilifiche kwa watoto wake. Zubeir hakulificha.

Wallahu aalam.