Daraja la Trekta: Habari ya Kuvuka Mtaro

Katika kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu utasoma mengi ya hisa, mikopo na mgao. Sisi tumepewa habari ya daraja, na wapo wenzetu waliocheka: Kendwa na daraja wapi na wapi? Kweli, kwetu ni maweni. Mto hatuna, na trekta halilimi juu ya jiwe. Huku ni jembe la mkono tu. Lakini wali tunaula, ndio maana baadhi yetu tunalima majaruba ya mpunga katika mabonde ya mkoa wetu, upande wa Kibokwa, Kinyasini na Chaani. Huko ndiko kwenye mitaro, na penye mtaro pana kuvuka.

Kwa Unguja habari ya daraja si ngeni. Mji Mkongwe zamani ulikuwa karibu kisiwa. Mkono wa bahari uliingia nyuma yake, na watu wakivuka kwa daraja kwenda upande wa pili, yaani Ng'ambo. Soko la Darajani likajengwa 1904. Mkono ule wa bahari ukafukiwa kidogo kidogo, na barabara inayopita pale leo inaitwa ya Benjamin Mkapa. Daraja halipo, jina lipo. Lakini lile lilikuwa la mji mzima. Vijidaraja vya mabondeni havina jina wala jiwe la ufunguzi. Hujengwa na mwenye mzigo wa kuvusha.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilishikwa na serikali, wakulima wakagaiwa eka tatu tatu, na trekta la serikali likawa ndilo tegemeo la mkulima wa mpunga. Sasa trekta si mtu wa kuruka mtaro. Uzito wake mwingi uko nyuma, na likinyanyua jembe lake uzito huo huzidi kurudi nyuma. Mabibi zetu walivuka kwa gogo moja la mnazi, kapu kichwani. Kwa trekta hutakiwa magogo mengi, yamefungwa mafungu mawili, kila fungu chini ya safu yake ya magurudumu. Na mnazi una hila: nje mgumu, ndani laini. Ukikaa kwenye maji huoza kutoka ndani, nawe kwa juu unauona mzima.

Hayo yalitufika mwaka wetu wa nne. Masika yalikuwa yameshabisha hodi, dereva akashuka, akayagonga magogo kwa nondo, akatikisa kichwa. Akageuza. Tukalima kwa majembe, mpunga ukachelewa, mvua zikakatika unachanua. Waliokopa kwa kutegemea mavuno yale walilipa kwa kuuza dagaa na mwani.

Ndipo likaja shauri la kalavati: mabomba ya zege ndani ya mtaro, kuta za mawe kwenye ncha zote mbili, na udongo ulioshindiliwa juu yake. Fundi alisisitiza jambo moja ambalo wengi hulidharau: bomba likae chini sawasawa na sakafu ya mtaro. Likipanda juu, maji yatasimama, na jaruba la jirani litakuwa ziwa. Na udongo wa juu usiwe mwembamba, maana bomba tupu halibebi gurudumu, hupasuka.

Fedha zilikuwapo mfukoni. Ubishi ulikuwa mwengine kabisa. Daraja ni letu, au la kila apitae? Wapo waliotaka minyororo na kufuli, asiechangia asipite. Hoja yao haikuwa ya uchoyo. Walitaka alieumia nae aone tafauti. Lakini ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 imelithibitisha hilo. Sisi tuna haki ya kulima tu. Unafungaje kufuli juu ya mtaro usio wako? Na kwa maoni yetu trekta haliji bondeni kwa jaruba moja. Dereva hupenda pahala penye majaruba mengi ya kulima kwa siku moja, kwa hivyo jirani akivuka ndipo na sisi tunapopata zamu mapema.

Kufuli halikuwekwa. Majirani wasio wanakikundi hawakutoa fedha, walitoa mawe na siku mbili za kushindilia. Kila mwaka kabla ya masika tunakutana wote, sisi na wao, kutoa matope na majani ndani ya mabomba. Mwaka huu ukuta wa upande wa chini umeanza kuliwa na maji, na mchango wa saruji umeshaanza kupokelewa kwa mshika fedha.